Ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo: kuishi na kifuko cha J kinapoleta matatizo

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, kwetu Tanga. Kila mteja wangu ana ukurasa wake kwenye daftari la vipimo: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukurasa wa mwisho wa kila daftari ni wangu mwenyewe, na humo siandiki inchi. Naandika nimekwenda chooni mara ngapi mchana na mara ngapi usiku, choo kilikuwa kizito kama uji wa ulezi au chepesi kama maji ya kuoshea mchele, kama kulikuwa na damu, nilikula nini, na mkojo ulikuwa na rangi gani. Huu ni mwaka wa saba naandika, tangu nilipotolewa utumbo mpana.

Nawaandikia wenzangu wenye kifuko kama changu, mfuko wa ndani ulioshonwa kwa utumbo mwembamba ili kushika nafasi ya utumbo mpana, walioambiwa "umepona", wakarudi nyumbani na kukuta safari bado ipo. Wengi wetu tulifanyiwa upasuaji mbali. Mimi nilikwenda India. Tukirudi huku, daktari wa zamu atakayetupokea usiku huenda hajawahi kukiona kifuko hata kimoja. Si kosa lake, ugonjwa wetu si wa kila siku. Ila maana yake ni kwamba wewe ndiye unayepaswa kukijua kifuko chako na kuweza kukieleza hata ukiwa umejikunja kwa maumivu. Haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Ni ya kukusaidia ufike kwake mapema ukiwa na maneno sahihi.

Ujue ulishonewa nini

Niliumwa kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa kudumu wa utumbo mpana kuvimba na kuchubuka kwa ndani, miaka sita. Miwili ya mwanzo nilitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena. Dawa zenyewe za kolaitisi zilipokuja kugoma, wakaniambia utumbo mpana utoke wote pamoja na sehemu kubwa ya puru, ile ncha yake ya mwisho kabla ya njia ya haja. Kisha daktari akaichukua ncha ya utumbo mwembamba, akaikunja kama herufi J, kila upande sentimita 15 hadi 20, akashona ubavu kwa ubavu na kuufungua ukuta wa katikati, ukapatikana mfuko mmoja mpana. Ule mfuko akauunganisha chini, karibu kabisa na njia ya haja. Alinichorea kwenye karatasi na nikamwelewa hapo hapo, maana ndivyo ninavyokunja kitambaa kushona mfuko wa suruali. Kazi hii ilianzia hospitali ya St Mark's, London, kwa Alan Parks na John Nicholls mwaka 1978. Wao walikunja mara tatu. Umbo la J lilikuja miaka miwili baadaye kutoka kwa daktari wa Japani, Joji Utsunomiya.

Nakusimulia hivi kwa sababu matatizo mengi yanaeleweka ukishaujua mshono. Utumbo mwembamba hauna kazi ya kuhifadhi choo, sisi tumeupa kazi hiyo. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukinyonya maji na chumvi, sasa haupo. Na pale chini pameachwa ukanda mdogo wa ngozi ya zamani ya ndani ya puru, sentimita moja au mbili, ambao bado unaweza kuugua ugonjwa ule ule wa zamani.

Baada ya mwaka wa kwanza, wengi wetu tunatulia kwenye mara nne hadi nane kwa siku, na mara moja au mbili usiku. Mimi kawaida yangu ni sita mchana na moja usiku. Andika yako ukiwa mzima, wiki mbili mfululizo. Bila kipimo hicho hutajua lini umeanza kuumwa, utajua lini umezidiwa tu.

Kifuko kinapowaka

Hili ndilo tatizo letu kubwa, na madaktari wanaliita pauchitisi: ukuta wa ndani wa kifuko unavimba na kuwa mwekundu. Karibu nusu ya wenye kifuko hulipata angalau mara moja. Kwangu lilikuja mwaka wa pili, msimu wa sare za harusi, kazi imenielemea. Daftari linaonyesha vizuri: Jumatatu mara saba, Jumatano tisa, Ijumaa kumi na tatu, usiku nne. Haja inabana ghafla, ukifika hutoki na kitu cha maana. Maumivu ya chini ya kitovu, homa kidogo, na uchovu wa kushindwa hata kukanyaga pedeli.

Nilikosea. Nilikwenda duka la dawa nikanunua Flagyl za siku tatu. Hali ikatulia, wiki iliyofuata ikarudi na nguvu zaidi. Daktari bingwa aliponiona aliniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Unatumia nini kwa maumivu?" Mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kuinamia cherehani, na nilikuwa namaliza vidonge vya diklofenaki kama pipi. Akaniambia dawa za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinaweza kukiwasha kifuko. Tangu siku hiyo natumia parasetamoli tu, na kiti cha cherehani nimekiinua.

Ukiona dalili hizo siku mbili tatu mfululizo, nenda ukapimwe. Omba choo kipimwe, maana si kila kuharisha ni pauchitisi: kuna vijidudu vya chakula kibaya, na kuna bakteria anayeitwa klostridiamu difisile ambaye huwapata waliotumia antibayotiki sana na anahitaji dawa tofauti. Kama inawezekana, omba waingize kamera ndani ya kifuko. Ni kipimo kifupi, si kama kile cha utumbo mzima tulichokizoea, na ndicho kinachomaliza ubishi.

Tiba ya kwanza kwa kawaida ni antibayotiki, siprofloksasini au metronidazole (ndiyo Flagyl), mara nyingi wiki mbili. Mimi nilipewa zote mbili. Sipro usiimeze na maziwa, mtindi wala vidonge vya madini ya chuma, vinaizuia isiingie mwilini. Ziachane kwa saa kadhaa. Ukihisi maumivu nyuma ya kisigino au kwenye kano yoyote, acha kumeza na umwambie daktari siku hiyo hiyo. Metronidazole inaacha mdomo na ladha ya sarafu, hiyo vumilia. Lakini miguu au vidole vikianza ganzi au kuchomachoma, usivumilie, sema. Maliza dozi. Kuikatiza kama nilivyofanya mimi ni kuwafundisha bakteria kuishinda dawa.

Kuna wenzetu ambao kifuko chao huwaka kila mara, au dozi ikiisha tu ugonjwa unarudi. Huo ni wa kudumu na una tiba zake, ikiwemo dripu ya vedolizumabu, ambayo Ulaya iliruhusiwa kwa ugonjwa huu mwaka 2022. Bei yake ni nzito. Anza kuulizia bima mapema, kabla hujafika mahali pa kuihitaji kesho.

Sasa ule ukanda wa ngozi ya zamani. Ukiwaka wenyewe, dalili yake kubwa ni damu mbichi na haja inayobana, huku kifuko chenyewe kikiwa salama. Hapa antibayotiki hazisaidii. Dawa ni mesalazini za kuweka njia ya nyuma, kabla ya kulala. Hizi zimenisumbua kuzipata, huwa namwagiza mtu anayetoka India, na nyumbani naziweka mahali pa baridi kwa sababu joto la Dar huzilainisha zikashindwa kuingia. Mimi nimewahi kupewa antibayotiki mara mbili kwa tatizo la ukanda. Ndiyo maana nasema omba kamera.

Na kuna njia kusinyaa pale penye mshono. Unakaa chooni muda mrefu, unajikamua, kinatoka chembamba kama uzi wa sufu, unainuka, dakika tano unarudi. Ukiona mara za kwenda zimeongezeka lakini kila mara ni kidogo, fikiria hili. Daktari anaweza kupapanua kwa kidole au kwa vifaa maalumu, na wengine hufundishwa kufanya wenyewe nyumbani. Niliona haya kuliko wakati wowote maishani, na ilimalizika ndani ya dakika chache. Usijikamue kwa nguvu. Inama mbele, viwiko kwenye mapaja, miguu juu ya kigoda, pumua, subiri.

Usiku wa makande

Nilikwenda msibani Tanga. Mchana yakaletwa makande, mahindi hayajakobolewa, na mimi makande ndiyo chakula cha kwetu. Watu walikuwa wengi, sahani zinangojewa, nikala upesi upesi bila kutafuna sawasawa. Saa nne usiku maumivu yakaanza. Hayakuwa kama yale ya kifuko. Haya yalikuja kwa mawimbi: yanapanda mpaka jasho linatoka, yanashuka, unapata dakika nne za kupumua, yanapanda tena. Tumbo likawa gumu, upande mmoja umetokeza kuliko mwingine. Nikaenda chooni yakatoka maji matupu, nikafurahi nikidhani njia iko wazi. Kumbe yalikuwa maji yanayopenya pembeni ya kizuizi. Hewa haikutoka hata kidogo.

Wifi yangu, kwa mapenzi yake, alikuwa tayari ameshika chupa ya mafuta ya nyonyo. Nilimshika mkono. Mwenzangu, likikukuta hili, usinywe dawa ya kuendesha tumbo ya aina yoyote, ya dukani wala ya miti shamba. Utumbo uliozibwa ukiusukuma kwa nguvu unaweza kupasuka. Na loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, pia usiiguse.

Ninachofanya sasa zikiwa ni dalili ndogo: naacha chakula kigumu mara moja, nakunywa maji ya vuguvugu kwa vifundo vidogo, naoga maji ya moto au naweka kitambaa cha moto tumboni, natembea ndani ya nyumba, kisha nalala chali nimevuta magoti kifuani na kuyumba polepole kushoto na kulia. Mara nyingi panafunguka. Lakini ukitapika, au saa chache zimepita na mawimbi hayapungui, au choo na hewa vimekata kabisa, ondoka nyumbani. Mimi nilitapika saa nane usiku, tukaenda. Waliniwekea dripu na mpira wa puani kutoa maji ya tumbo, wakapiga picha, na siku ya tatu utumbo ukafunguka bila kisu. Wakati mwingine sababu si chakula, ni makovu ya upasuaji yanayoukunja utumbo kwa ndani, kama uzi wa chini unapojisokota ukavuta kitambaa. Hapo huenda ukahitajika upasuaji.

Makande siyagusi tena ila yaliyokobolewa na kupikwa hadi kuvurugika, vijiko vichache. Nazi nakula tui, si machicha. Chungwa nanyonya maji natema nyama. Uyoga, karanga nzima, mahindi ya kuchoma, mnofu wenye kano, hivyo nimeviacha. Kisamvu nakula kikitwangwa kikalainika. Vinavyonisaidia choo kiwe kizito ni ndizi mbivu, wali, ugali, viazi na siagi ya karanga. Pilipili inachoma inapoingia na inachoma zaidi inapotoka. Lakini orodha yangu si yako. Jaribu kitu kimoja kipya kwa siku, kidogo, mchana, kisha andika.

Maji, ngozi, na usiku

Maji matupu hayatoshi, tunapoteza chumvi pamoja na maji. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kichwa kikiwa kizito, ukiinuka unaona kizunguzungu, misuli ya vigimbi inakaza usiku, tayari umekauka. Pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi ndiyo bora. Ukiwa huna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe kwa kisu. Usikisie chumvi kwa vidole. Madafu ni mazuri kwa potasiamu ila chumvi yake ni ndogo, mimi natia chembe. Wakati wa kiangazi cha Dar nakunywa glasi moja ya ORS asubuhi hata nikiwa mzima. Ukiharisha na kutapika kwa pamoja, usingoje kesho. Figo haziwezi kukungoja.

Ngozi ya nyuma huungua kwa sababu choo chetu bado kina majimaji ya kumeng'enya chakula. Sisi watu wa kopo la maji tuna bahati hapa, maana tishu inakwaruza. Osha kwa maji, usitumie sabuni yenye manukato, kisha kausha kwa kubonyeza, usisugue. Mimi nimekata kanga kuukuu vipande vya kiganja, nimevipinda ukingo kwa mkono ili mshono usikwaruze, ninavyo kumi na viwili, vinafuliwa na kuanikwa juani. Halafu napaka krimu ya zinki ya watoto, tabaka jembamba, kabla sijawaka na si baada. Mafuta ya mgando yanafaa ukikosa zinki. Pakiwasha sana na kutoa vipele vidogo pembeni, hiyo ni fangasi, inataka dawa yake.

Usiku nakula mwisho saa moja, nalala saa nne. Nikiwa na wiki mbaya navaa pedi na kutandika kitambaa kisichopitisha maji chini ya shuka. Nimekishona mwenyewe, kina mipira kwenye pembe kisihame. Loperamaidi huwa nameza nusu saa kabla ya kula au kabla ya kulala, kwa kiasi alichoniandikia daktari, na siimezi nikiwa na homa au damu.

Barabarani na kwenye ibada

Dar hadi Tanga kwa basi ni saa nyingi, na basi halisimami kila unapobanwa. Nakata siti ya mbele karibu na mlango. Kabla hatujaondoka namfuata kondakta, namwambia wazi: "Kaka, nimefanyiwa upasuaji wa utumbo. Nikikuita, sitaweza kungoja kituo." Hajawahi kunikatalia hata mmoja. Zamani nilikuwa nafunga njaa tangu jana yake nisihitaji kuchimba dawa, nikawa nafika Segera nimekauka na kichwa kinapasuka. Sasa nakula wali mkavu kidogo asubuhi na mkobani nina chupa ya maji ya kujisafishia, vitambaa, krimu, pedi, chupi, kanga ya pili na pakiti mbili za ORS.

Kwa Waislamu wenzangu: nilihangaika sana na udhu unaotenguka kila mara. Nilikwenda kumuuliza sheikh badala ya kulia peke yangu. Akanieleza hukumu ya mwenye udhuru: natawadha wakati wa sala ukishaingia, naswali, na kitakachotoka bila hiari yangu hakinivunjii sala ile. Kuhusu Ramadhani, daktari wangu alinikataza kufunga, na natoa fidia, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Mwaka wa kwanza niliona uzito, nikafunga kwa siri siku nne. Ya tano nilikuwa kwenye dripu.

Ya kupita upesi lakini usiyanyamazie

Hewa au uchafu ukitoka njia ya mbele kwa mwanamke, au mkojo ukiwa na mapovu na maambukizi yasiyokwisha, huenda kuna fistula, yaani tundu kutoka kwenye kifuko. Jipu au maumivu makali karibu na njia ya haja yenye homa, vivyo hivyo. Nenda siku hiyo. Dada wanaotafuta mtoto, upasuaji huu unaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba kwa sababu ya makovu karibu na mirija. Zungumzeni na daktari wa uzazi mapema, na suala la kujifungua lipangwe pamoja na aliyekufanyia upasuaji. Kila mwaka pima wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na figo. B12 hunyonywa kwenye mwisho wa utumbo mwembamba, na huo ndio tuliogeuza kifuko.

Wapo ambao kifuko hugoma kabisa, wakarudi kwenye stoma, tundu la tumboni linalotoa choo kwenye mfuko wa nje. Nimeishi na stoma miezi mitatu kati ya upasuaji mmoja na mwingine. Usiku mzima nililala. Mkifikishwa hapo, msikubali mtu awaambie mmeshindwa.

Karatasi

Baada ya usiku wa makande niliandika karatasi moja. Ipo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha taifa, na picha yake iko kwenye simu ya mume wangu. Iandike yako kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Yangu inasema hivi:

"Sina utumbo mpana. Nina kifuko cha umbo la J kilichotengenezwa kwa utumbo mwembamba, kimeunganishwa chini. Kuharisha mara sita mchana na moja usiku ni kawaida yangu. Nikitapika na tumbo limejaa, fikirieni kuziba kwa utumbo: nisipewe dawa ya kuendesha tumbo. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Nakauka upesi: naomba dripu mapema na figo zipimwe. Msiingize kitu chochote njia ya nyuma kabla ya kuzungumza na daktari bingwa wa utumbo." Chini yake kuna namba ya daktari wangu, tarehe za upasuaji wote watatu, dawa ninazotumia, na ule mchoro wa herufi J nilionakili kutoka kwenye karatasi ya India. Mara ya mwisho nilipoitoa, daktari kijana wa zamu aliusoma mchoro kwanza, akavuta kiti, akaniuliza mshono uko wapi.